Saa ya Jua na Saa ya Ukutani: Kuyapima Masimulizi ya Miji Miwili, Masasi na Ujiji

Katika maandiko ya walimu na mapadre wa nchi hizi iko namna moja ya masimulizi iliyopendwa tangu zamani, nayo ni ile ya kulinganisha miji miwili. Mwandishi amekaa miaka kadha katika mji mmoja, kisha ahamishiwa mwingine ulio mbali. Naye, kabla hajamaliza kufungua masanduku yake, ashika kalamu awaeleze wenzake jinsi watu wa huku walivyo mbali na watu wa kule. Huanza kwa vyakula na nyumba, huendelea kwa maamkizi na ngoma, na mwisho hufika penye neno lililo kubwa kwake kupita yote: kama watu hawa waujua wakati au hawaujui. Hapo kalamu huwa kali. Wa mji wa kwanza huitwa hodari, wa mji wa pili huitwa wazembe, na ushahidi ni saa iliyotundikwa ukutani mwa shule au mwa kanisa.

Hatutaki kuidharau kazi hiyo. Masimulizi ya namna hii yametuhifadhia desturi nyingi ambazo zingalisahauliwa. Lakini yatupasa kuyapima kama tupimavyo maandiko mengine yote, kwa sababu hukumu iliyo ndani yake haikai kitabuni tu. Hutoka ikaingia katika daftari la mahudhurio, na katika maneno ambayo mwalimu humwambia mtoto mlangoni pa darasa. Sisi wenyewe tunaoandika haya tulifundisha kwanza upande wa kusini, kisha tukahamia pwani ya ziwa. Na katika mwaka wetu wa kwanza huko ziwani tuliandika neno «mvivu» mbele ya majina ambayo leo twaona haya kuyakumbuka. Basi tukiwalaumu wengine, twajilaumu wenyewe kwanza.

Miji tutakayoitumia kuwa mfano ni Masasi na Ujiji. Yote miwili ni miji midogo ya shamba, yote miwili imo katika Tanzania, na yote miwili yasema Kiswahili. Lakini kutoka huu hata ule, kwa mstari ulionyoka, ni zaidi ya kilomita 1,100.

I.

Masasi uko kusini-mashariki, katikati ya vilima vya mawe vilivyosimama peke yake katika nchi tambarare, penye njia panda ya kwenda Newala, Nachingwea na Tunduru. Wenyeji wake ni Wamakua, Wayao na Wamakonde. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyewaandikia wageni kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, alikwenda huko kwa miguu pamoja na watumwa waliokombolewa, waliotoka Unguja, wakajenga kijiji cha Kikristo. Kijiji hicho kilishambuliwa na Wangoni mwaka 1882, na katika Vita ya Maji Maji, mwaka 1905, misheni ilichomwa moto. Mwaka 1926 Masasi ukawa makao ya askofu. Leo mwenye kupita huko huona mikorosho kila upande.

Ujiji uko upande wa pili wa nchi, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwisho wa ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora. Wamisionari wa London Missionary Society walifika huko mwaka 1878, na Mapadre Weupe mwaka 1879. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 ilikomea Kigoma, bandari iliyo jirani, na Ujiji ukabaki na utulivu wake: minazi na miembe, nyumba za barazani, misikiti, na mitumbwi mchangani. Waha na Wamanyema, na watu wa asili ya pwani, wamechanganyika humo muda mrefu, na Kiswahili chao kina sifa njema.

Tena Ujiji una kisa kimoja kinachofaa sana habari yetu. Ndipo mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone mwaka 1871. Kwa hesabu ya Stanley siku ile ilikuwa tarehe 10 Novemba; lakini shajara ya Livingstone yaiweka habari hiyo katika mwezi wa Oktoba. Mabwana wawili hawa walikuwa na kalenda, na vyombo vya kupimia jua na nyota, na elimu. Hata hivyo walipeana mikono katika siku moja wakaiandika kwa tarehe mbili. Hatusikii mtu akisema kwamba Waingereza hawaujui wakati. Twasema tu kwamba Livingstone alikuwa mgonjwa, na safari yake ilikuwa ndefu. Maana yake, tulipotafuta sababu tuliiona. Twaomba basi sababu itafutwe hivyo hivyo kwa watu wote.

II.

Kosa la kwanza la masimulizi haya ni kuidhania saa ya ukutani kuwa shahidi asiyependelea upande. Mwandishi hufikiri: saa ni moja katika nchi nzima, aliyewahi amewahi, aliyechelewa amechelewa. Lakini tuitazame saa yenyewe.

Saa itumikayo leo katika Tanzania, Kenya na Uganda huitangulia saa ya Greenwich kwa saa tatu. Yafuata jua la mstari wa longitudo ya 45 mashariki. Mstari huo wapita Somalia. Haugusi nchi ya Tanzania mahali po pote. Basi hakuna mji hata mmoja wa Tanzania ambao jua lake hufika utosini wakati saa ya ukutani inapopiga sita za mchana. Kote jua hukawia, na kadiri mtu aendavyo magharibi ndivyo linavyozidi kukawia. Masasi, ulio karibu na longitudo ya 38.8, jua lake hufika utosini, kwa wastani wa mwaka, saa sita na dakika 25. Ujiji, ulio karibu na longitudo ya 29.7, hufika saa saba na dakika moja. Kati ya miji hii miwili pana dakika 36 za jua ambazo saa haizionyeshi.

Wala hayo si yote, kwa maana miji hii haikuachana kwa mashariki na magharibi tu. Masasi uko mbali zaidi na ikweta, katika latitudo ya kusini iliyo karibu na 10.7, na Ujiji karibu na 4.9. Kwa hiyo mchana wa Masasi hurefuka na kufupika zaidi. Mwezi wa Juni mchana wa Masasi ni saa 11 unusu hivi, na wa Ujiji ni saa 11 na dakika 50. Mwezi wa Desemba Masasi wapata saa 12 na dakika 45, na Ujiji saa 12 na dakika 25. Tokeo lake ni hili: mwezi wa Machi na wa Septemba, usiku na mchana vinapolingana, jua la Ujiji huchelewa nyuma ya lile la Masasi kwa dakika 36, asubuhi na jioni. Mwezi wa Juni huchelewa dakika 26 tu kuchomoza, bali dakika 46 kutua. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka: dakika 46 kuchomoza, na 26 kutua.

Sasa tuchukue kengele moja ya shule, ipigwayo saa moja unusu asubuhi katika miji yote miwili. Mwishoni mwa Novemba jua la Masasi huchomoza kabla ya saa kumi na mbili kwa dakika tisa hivi. Kengele ikilia, mtoto amekuwa na nuru zaidi ya saa moja unusu. Amekwisha teka maji, amefagia ua, na mamaye yuko chini ya mkorosho kitambo akiokota. Mwishoni mwa Julai jua la Ujiji huchomoza yapata saa moja na dakika kumi. Kengele ikilia, mtoto amekuwa na nuru ya dakika 20 tu. Maji aliyoyateka aliyateka gizani, na njia aliyoipita aliipita gizani. Watoto hawa wawili wakifika wote saa mbili kasoro robo, saa yasema kwamba wamechelewa sawasawa. Jua lasema kwamba mmoja amechelewa sana, na mwingine ametembea upesi.

Hili ndilo lililotuhukumu sisi. Tulikuwa tumejifunza ubora wa mtoto chini ya jua la Masasi, tukaupeleka Ujiji pamoja na vitabu vyetu, tusijue kwamba tumepeleka na jua. Aliyetufumbua macho hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mama mzee aliyemleta mjukuu wake mwenyewe kwa mkono, akatuamkia kwa adabu, kisha akauliza, «Mwalimu, mtoto huyu nimtoe nyumbani kabla hakujakucha, ili fisi amwone kwanza au wewe umwone kwanza?» Tulicheka, lakini usiku ule tulichukua kalamu na ramani tukaanza kufanya hesabu.

Anayetaka ushahidi wa karibu kuliko ramani, na autafute msikitini. Ndugu zetu Waislamu huswali kwa jua, si kwa saa. Katika mfungo wa Ramadhani wa Ujiji hawafuturu wanapofuturu wa Masasi, wala mtu wa Ujiji hafungui kinywa kwa sababu amesikia katika redio kwamba magharibi imeingia Dar es Salaam. Kila mji wangoja jua lake. Hivyo, katika jambo hili la kuujua wakati wa mahali, mwadhini ameihifadhi elimu ambayo mwalimu wa shule ameipoteza.

III.

Kosa la pili ni la lugha, nalo limeenea zaidi, hata katika vitabu vya masomo. Mgeni huambiwa kwamba saa za Kiswahili «zimekosea kwa saa sita», au kwamba Mswahili «huisoma saa kinyume». Ajifunze tu kuongeza sita au kupunguza sita, atakuwa ameifahamu. Mafundisho haya yamsaidia mgeni kulipata gari la moshi, lakini yampotosha katika kuifahamu lugha, na katika kulifahamu hata Neno analolihubiri.

Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na saa za usiku jua linapotua. Hesabu hii si ya ajabu. Waethiopia wanayo. Wayahudi na Warumi wa wakati wa Bwana wetu walikuwa nayo. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 20, mwenye shamba hutoka kuajiri watu saa ya tatu, ya sita, ya tisa, na ya kumi na moja. Na tafsiri ya Kiswahili yasema saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja, pasipo kubadili neno. Msomaji wa Kiingereza ahitaji maelezo pembeni apate kujua kwamba saa ya kumi na moja ni karibu na machweo. Mtoto wa Masasi hahitaji. Amwonapo mtu akiajiriwa saa kumi na moja ya jioni ajua mara moja kwamba kazi imekwisha, na ajabu ya mshahara ule humwingia moyoni bila mkalimani. Vivyo hivyo giza la saa sita hata saa tisa siku ya Msalaba, na Petro na Yohana wapandao hekaluni saa tisa kusali, na Petro juu ya dari huko Yafa saa sita: yote hayo Kiswahili huyapokea kama mtu apokeavyo kitu chake mwenyewe.

Mapadre wetu wanao ushahidi mwingine mikononi mwao kila siku. Sala za Kanisa ziitwazo kwa Kilatini Tertia, Sexta na Nona ni sala za saa ya tatu, ya sita na ya tisa, yaani saa tatu, saa sita na saa tisa kwa hesabu hii hii yetu. Tena neno la Kiingereza litumikalo leo kwa adhuhuri, «noon», latoka katika Nona hiyo: lilikuwa jina la saa tisa, likasogea polepole katika karne za kati hata likawa jina la saa sita. Basi tukimtafuta aliyeisogeza saa yake, hatutampata Ujiji.

Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Wako walimu, hasa wapendao sana mambo ya kienyeji, ambao husema kwamba saa za Kiswahili ndizo saa za jua lenyewe. Nao wamekosa. Asili yake ni jua, ndiyo. Lakini saa za Kiswahili zisemwazo leo zimefungwa katika saa ile ile ya ukutani, ila zimepewa majina mengine. Mtu wa Ujiji aambiwapo «saa kumi na mbili asubuhi» hutoka nje akakuta giza, ingawa kwa asili ya hesabu hiyo jua lingepaswa kuwa linachomoza. Lililotokea ni kwamba hesabu ya jua imevikwa juu ya saa ya longitudo ya 45. Na vazi hilo lawakaa watu wa mashariki kwa kiasi, na wa magharibi lawapwaya kwa saa nzima.

Tena hesabu hii iliweza kudumu kwetu kwa sababu tunakaa karibu na ikweta. Saa za Wayahudi zilikuwa sehemu ya kumi na mbili ya mchana, mrefu au mfupi; Yerusalemu saa moja ya namna hiyo ni yapata dakika 70 wakati wa hari na dakika 50 wakati wa baridi. Masasi ingekuwa kati ya dakika 64 na 57, na Ujiji tofauti ingekuwa ndogo zaidi. Kwa hiyo saa ya chuma ilipoletwa huku, yenye dakika 60 sikuzote, haikugombana sana na mchana wetu. Ilikubaliwa, na majina ya zamani yakabaki.

Wala majina ya saa siyo majina yote ya wakati. Kiswahili kina alfajiri, na majogoo, na mapambazuko; kina mafungulia ng'ombe, yaani asubuhi ng'ombe wanapotolewa zizini; kina adhuhuri na alasiri, machweo na magharibi, isha na usiku wa manane. Hayo hayapungui wala hayazidi kwa amri ya serikali. Yaenda na jua la mahali. Tena tuangalie kitenzi chenyewe. Hatusemi kwamba mtu ameifikia asubuhi. Twasema kumekucha, na kitenzi hicho hakimtaji mtu hata kidogo: mahali penyewe ndipo palipokucha. Kumekucha Masasi, bado hakujakucha Ujiji. Lugha ilikuwa imekwisha yasema kwa silabi moja yale ambayo sisi tuliyatafuta kwa ramani na hesabu.

Iko na hatari moja katika siku, si katika saa. Kwa desturi ya zamani ya Waswahili, kama ya Mayahudi na Waislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Kwa hiyo «usiku wa Jumatano» kwa wazee ni usiku ule ambao kwa Wazungu ungali wa Jumanne. Wengi leo hufuata desturi ya kizungu, na maneno yale yale yamekuwa na maana mbili. Padre atangazaye mkesha na aseme «usiku wa kuamkia Jumatano», kama wasemavyo waandishi wa magazeti, na hakuna atakayepotea njia.

IV.

Kosa la tatu ni kuulinganisha mji kwa kile usichokuwa nacho. Mwandishi huchukua mwaka wa mji wake wa kwanza kuwa kipimo, kisha huandika kwamba mji wa pili «hauna mpango».

Watu wa Ujiji wavuao dagaa huvua usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi na taa za umeme wa jua. Dagaa huifuata nuru. Lakini mwezi ukiwa mpevu nuru yake hutawanyika juu ya ziwa lote, taa haina nguvu, na wavuvi hukaa pwani siku kadha wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Kalenda yao basi ni mwezi. Mgeni apitaye mchangani saa nne ya asubuhi akawakuta wanaume wamelala kivulini, huandika kwamba mji umejaa uzembe. Hakuwaona walipokuwa katikati ya maji usiku kucha, wala hakuwaona wanawake waliokuwa wakianika dagaa mchangani tangu jua lilipopata nguvu. Mtu huyo akirudi katika siku za mwezi mpevu, akawakuta macho na wenye furaha, huenda akaandika kwamba mahubiri yake yamewageuza.

Masasi kalenda ni mvua na korosho. Mvua ni moja, kutoka karibu na Novemba hata Aprili; kisha kiangazi kirefu, mavuno yamo ghalani, nao ndio wakati wa jando na unyago. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alijulikana mbali kwa kuifanya jando kuwa ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku. Wako waliomsifu na wako waliomlaumu, na hatuingii katika shauri hilo hapa. Twasema tu kwamba kazi ile ilimtaka kwanza aujue mwaka wa watu wale: ni lini chakula kipo, ni lini njia ni kavu, ni lini wavulana hawatakiwi shambani. Aliyezoea kuhesabu kwa mihula ya shule peke yake asingaliweza kuianza.

Na hapa vitabu vyetu vya shule vina deni. Mtoto wa Masasi na mtoto wa Ujiji hukaririshwa wote kwamba mwaka una masika na vuli. Hayo ni kweli kwa Tanga na Unguja, ambako mvua huja mara mbili. Masasi na Ujiji mvua ni msimu mmoja mrefu. Mtoto hutazama nje, haioni vuli. Hutazama kitabuni, aiona. Naye hujifunza jambo moja ambalo mwalimu hakukusudia kumfundisha, kwamba maarifa ya kitabuni hayahusiani na mambo ya nje. Hilo ni hasara kubwa kuliko kuchelewa dakika kumi na tano.

V.

Tutajibiwa: je, mwataka kila mji uwe na saa yake? Hatutaki. Gari la moshi la Kigoma haliwezi kuondoka kwa jua la kila kituo, wala daktari hawezi kuandika dawa kwa mafungulia ng'ombe. Kuwa na saa moja katika nchi nzima ni jambo la manufaa, na ni la adabu pia, kwani humwezesha mtu wa mbali kukutana na mwenzake bila kumsumbua. Lakini saa hiyo ni mapatano ya watu. Siyo sheria ya mbingu. Ushahidi wake uko ng'ambo ya maji. Burundi, na upande wa Kongo wa ziwa lilo hilo, saa hurudi nyuma kwa saa moja, ingawa jua lao na la Ujiji ni karibu moja. Wavuvi wawili wakionana katikati ya ziwa alfajiri waona nuru moja, na saa zao zatofautiana saa nzima. Hakuna hata mmoja wao aliyechelewa.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne kwa wenzetu. La kwanza, mwalimu anayehamia mji mgeni na aandike kwa mwezi mmoja saa ambayo jua huchomoza na kutua hapo, kabla hajaandika neno lo lote juu ya uvivu au bidii. La pili, wenye mamlaka ya kupanga saa za shule katika nchi za magharibi na waangalie kama kengele haiwezi kusogezwa kwa nusu saa. Gharama yake si shilingi hata moja. La tatu, tuandikapo saa, kwa dawa au kwa mkutano, tuongeze neno: asubuhi, mchana, jioni au usiku, wala tusiandike tarakimu peke yake, maana tarakimu 8 kwa mmoja ni asubuhi ya shule, na kwa mwingine ni saa nane, baada ya chakula cha mchana. Mgonjwa amezaye dawa kwa wakati usio wake hapati faida ya ubishi wetu juu ya lugha. La nne, tuendapo kusimulia mji mgeni, tuulize kwanza watu wake wanahesabu kwa nini: kwa mvua, kwa mwezi, kwa mwadhini, au kwa kengele. Tukipata jibu, ndipo tulinganishe.

Neno «mvivu» tuliloliandika katika daftari lile hatukuweza kulifuta, kwa sababu daftari lilikuwa limekwisha pelekwa ofisini na mwaka umekwisha. Tulilofanya ni kwenda nyumba kwa nyumba, pamoja na yule mama mzee, tukawaambia wazazi kwamba tulikosa. Wengine walishangaa kumwona mwalimu akisema hivyo. Mzee mmoja mvuvi alitukaribisha barazani, akatupa kahawa, akasema kwamba hata wao ziwani huwadhania wenzao wamekawia, kumbe wenyewe ndio waliowahi kutweka.

Twaomba wasomaji wetu walio katika miji mingine watuandikie majina ya nyakati za mchana na usiku yatumikayo kwao, katika Kiswahili na katika lugha za wenyeji, pamoja na saa ambayo jua huchomoza huko mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Tukiyakusanya, huenda tukapata kuandika kwa haki zaidi kuliko tulivyoandika hapo nyuma.